Kamba Hapigi Odi

Majina mimi sisahau. Niulize wanawake tuliolima pamoja kwenye mulima huu wa Vulamba mbele haujajaa nyumba, nitakutajia mumoja mumoja: Katungu Fébronie, Mbambu Léocadie, Kyakimwa Speciosa mwenye hasira ya karibu, na mudogo wangu wa tumbo moja, Kahindo Georgette, aliyeolewa Oicha. Hata mbuzi wa Mbambu ninajua alimuita nani: alimuita Ministre, juu anakula bila kufanya kazi. Lakini mutu ninayeandika habari yake hapa, jina lake siliandike. Ninalijua, la nyumbani na la ubatizo. Nitamuita Kamba, kama avenue yetu yote ilivyomuita.

Alikuwa mutu wa waya. Ni yeye aliyetuletea ile kamba nyeusi inayotoka bati mpaka bati, kwanza kwa ajili ya televisheni, halafu kwa ajili ya internet. Signal aliipata kwa kampuni moja yenye bureau yake Beni, akaigawa kwetu huku juu, ambako wakubwa wa kampuni hawajawahi kupandisha kiatu. Alizaliwa wapi, sijue. Mutu anayepanda juu ya nyumba yako humuulizi babu yake. Unaangalia kama miguu yake itavunja mabati.

Yake haikuvunja. Alitembea juu ya bati kama kuku, akikanyaga pale tu penye misumari. Ngazi yake ilikuwa ya miti ya eucalyptus, aliifunga mwenyewe, na alipoipitisha barabarani motari wote wa pikipiki walisimama, si kwa heshima, ni kwa kuogopa itawatoboa macho. Waya zake ukiziangalia kutoka chini zilikuwa kama maharagi yaliyopanda miti: moja imeshika nyingine, nyingine imerudi nyuma, na wewe huwezi kusema shina liko wapi. Yeye alisema. Angeweza kushika waya moja gizani na kukuambia: "Huyu ni Speciosa, anaenda kwa Léocadie."

Tabia yake mbaya ya kwanza ilikuwa ya mulango. Kwetu mutu akifika kwenye lupango la mwingine anasimama inje, anasema odi, anangoja aambiwe karibu. Padri anapiga odi. Chef wa avenue anapiga odi. Nimeona mutu amekuja kuambia jirani kwamba jiko lake linaungua, naye akasema odi kwanza. Kamba hapana. Yeye alipiga kelele "Kamba!", na mbele kelele haijaisha, ngazi yake iko tayari kwenye ukuta wako. Siku moja alimukuta Katungu Fébronie anaoga nyuma ya nyumba.

"Weye Kamba, hauna mama?" Katungu akapiga kelele.

Naye, uso ameuelekeza mbinguni: "Mama Fébronie, miye naangaliaka waya tu. Na leo waya yako iko chafu kupita mugongo."

Katungu alicheka mpaka sabuni ikamuingia machoni. Ndivyo alivyokuwa. Ulimukasirikia, halafu ulimupa kiti.

Tabia yake nzuri, na hii nataka ikumbukwe vizuri kwa sababu ndiyo iliyotuponza, ilikuwa kukubali kosa. Picha ikipotea, mafundi wengine wanasema ni mvua, ni courant ya umeme, ni batoto wamevuta waya. Yeye alisimama juu ya bati, akatangazia avenue yote: "Hii hapana mvua! Ni miye! Nilifunga vibaya! Kosa ni yangu!" Watu waliopita walicheka. Mimi sikucheka. Nimeishi miaka mingi, na wanaume waliosema maneno hayo mbele yangu ninaweza kuwataja kwa majina bila kumaliza vidole vya mukono mumoja. Tulimuamini sababu ya hiyo. Mutu anayesema ukweli juu ya musumari, utafikiri anaweza kuficha kitu kikubwa?

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na televisheni. Muke wake, Kanyere Philomène, alikuja kuangalia kwangu. Nilipomuuliza bwana wake kwa nini, alinijibu: "Mama Kasereka, mutu wa kuuza kasiksi akianza kuikunywa, atauza nini?" Basi hiyo akili alikuwa nayo.

Na kwenye matanga alikuwa mutu mwingine kabisa. Muzee wangu, Kambale Anselme, alipokufa, Kamba alivuta waya mpaka katikati ya lupango bila kuitwa. Alishika simu juu mukononi tangu maombi ya asubuhi mpaka udongo wa mwisho, ili binti yangu Kavira aliye Kampala aone baba yake anavyozikwa. Mukono ulipochoka alibadilisha mwingine. Hakuuliza kitu. Tulipomupa chakula alikula sombe yote, akasema ina mapungufu ya chumvi. Philomène alimukanyaga muguu. Mimi nilimupenda siku hiyo, sitaficha.

Sasa nieleze habari ya Kahindo, juu bila yeye haya yote yangekuwa kelele za waya tu.

Mudogo wangu Kahindo Georgette, masikio yake yalikufa polepole. Mwanzo ulimupigia simu, ukapiga kelele, akasikia nusu. Halafu hata nusu ikaisha. Na njia ya Beni mpaka Oicha, sisi wa hapa hatuhitaji kuambiana. Ni njia ambayo mutu anaiombea mbele ya kuipita, na wengine wameiomba na hawakufika. Basi tutaonanaje, wazee wawili, mumoja hasikii, mwingine hasafiri?

Kamba ndiye alileta dawa. Aliweka kisanduku chenye taa kwenye ukuta wangu, akamuonyesha Zawadi, muke wa mutoto wangu Kasereka, namna ya kufungua simu yenye picha. Kila Siku ya Mungu, kisha misa, Zawadi alishika simu, na Masika, binti ya Kahindo, alishika yake kule Oicha. Tulisema kwa mikono. Mukono kwenye shavu: nimelala vizuri. Vidole viwili vinatembea juu ya kiganja: nilienda shamba. Ngumi kwenye kifua: nimekukumbuka. Kakao ya kwake ikiharibika alionyesha ganda jeusi, akatoa ulimi kama mutu aliyekufa, na mimi nilicheka mpaka ninalia. Mega za internet za kununua kwenye simu hazikutosha, huku juu picha iliganda kila mara. Ni ile kamba tu iliyotuwezesha kuonana. Kamba mwenyewe akipita alijifunza alama zetu. Aliingiza kichwa chake mbele ya simu, bila odi, akamuonyesha Kahindo ngumi kwenye kifua. Kahindo akamujibu kwa kidole: kichwa chako hakiko sawa.

Halafu ikaanza amélioration.

Hilo neno nitalichukia mpaka kaburini. Kampuni ya Beni ilisikia kwamba kampuni nyingine inakuja Butembo na waya mpya, wa kioo, wenye mbio. Ikaogopa. Ikatangaza amélioration, ati mambo yatakuwa mazuri zaidi. Kwetu amélioration maana yake ni siku ambayo hakuna kitu. Walibadilisha machine, picha ikakatika wiki moja. Wakabadilisha tena ili kurekebisha ile ya kwanza, ikakatika mbili. Kamba alipanda na kushuka, akalaani Beni, akajilaani mwenyewe. "Wiki ijayo, Mama Kasereka." Na kweli wiki iliyofuata picha ilirudi, uso wa Kahindo umekatwa vipande vidogo vidogo kama muhogo.

Ndipo wale wa waya mpya wakafika.

Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa watu wa mjini wanacheka, na mimi sitaki kuchekewa. Walikuja asubuhi, vijana wenye gileti za rangi ya machungwa, na megafone. Hawakukaa chini. Hawakuomba maji. Walitembea katikati ya avenue wanapiga kelele: "La fibre inafika! La fibre inaingia nyumba kwa nyumba! Fungueni!" Mumoja aliandika alama za rangi kwenye kuta zetu bila kuuliza mwenye ukuta.

Wewe uliyesoma unasikia fibre, ule waya wa kioo. Lakini b yetu ya Kinande ni laini, inapita kati ya midomo kama v, na wale vijana walikuwa watoto wa hapa. Sisi tulisikia la fièvre. Homa inafika. Homa inaingia nyumba kwa nyumba. Na watu wenye gileti, na alama kwenye kuta, haya tulikuwa tumeyaona. Wakati wa Ebola, Biira Consolate, mutoto wa kaka yangu, alitoka mulango huu na homa, na tulimuzika bila kumugusa. Mimi niliyemupokea alipozaliwa sikumuosha. Ungefanya nini? Nilifunga mulango. Katungu akafunga. Mbambu akafunga. Kyakimwa Speciosa hakufunga. Yeye alitoka na majivu ya moto kwenye kipande cha sufuria, akawafukuza mpaka kwenye kona.

Zawadi aliniambia, nisimuonee. Alisema: "Mama, nafikiri ni mambo ya internet."

Nikamujibu: "Kama ni internet, Kamba atatuambia. Hiyo ni kazi yake."

Na tulimuuliza. Alipita jioni ile ile na ngazi yake. Tulikuwa wanne kwenye mulango wangu, na mimi ndiye niliyesema.

"Kamba, hii kintu banapigia kelele, ni fièvre?"

Alituangalia. Mutu aliyezoea kusema mbele hujamaliza kuuliza, siku hiyo alinyamaza. Alihamisha ngazi kutoka bega hili mpaka bega lile. Halafu akasema: "Bamama, mufunge tu milango."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Akaenda.

Tulifunga. Vijana walirudi mara mbili, walikuta milango imefungwa na vyuma, walicheka, wakapitisha makaratasi chini ya milango na kwenda zao. Nilimuambia Zawadi asiyaguse kwa mukono. Tuliyasukuma na fagio mpaka nyuma ya pipa. Nilikaa ndani, ninapima kichwa cha kila mutu kwa kiganja changu kila asubuhi, Zawadi, watoto, mimi mwenyewe. Kyakimwa aliacha kwenda soko. Kamba alipita mbele ya milango hiyo kila siku na alituona tunachungulia kama panya.

Kampuni ile ya waya mpya, nani alituuliza kwa nini tunaogopa? Waliandika kwenye daftari lao kwamba avenue hii imekataa, wakahamisha miti yao ya kubeba waya upande wa pili. Wamama wanne wenye kufunga milango, basi watu wote wa avenue wamekataa! Mtaro waliokuwa wameanza kuchimba waliuacha wazi wakati wa mvua. Ministre, mbuzi wa Mbambu, alivunja muguu ndani yake. Na ile ya Beni ilipoona mwenzake yuko kwenye barabara kubwa, nayo ikatelemukia kule kule. Nenda ukaangalie maduka ya barabara kubwa: juu ya bati moja kuna waya za kampuni mbili, mufanyabiashara mumoja anabembelezwa na watu wawili kama binti wa kuolewa. Na sisi? Beni ilisema kamba za mulimani ni za zamani, haziwezi kubeba amélioration. Wakazima. Walishindana vizuri sana, wakashindania wale ambao tayari wana kitu.

Taa ya kisanduku changu ilizimika Siku ya Mungu. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya ili Kahindo akione.

Siku za Mungu kumi na moja sikuona uso wake. Masika alipiga simu ya sauti, akasema mama anauliza kwa mikono kwa nini dada yake amekasirika. Utamuelezaje mutu asiyesikia kwamba waya imezimwa? Masika alijaribu. Kahindo alionyesha ngumi kwenye kifua, akangoja jibu mbele ya simu iliyo nyeusi. Wiki ya kumi na mbili, Masika alipiga tena, na mimi nilijua mbele hajasema.

Njia ilikuwa imefungwa. Sikuenda kumuzika.

Tulikalia matanga hapa bila mwili. Zawadi alikuwa anafagia nyuma ili watu wapate kukaa, akatoa karatasi moja nyuma ya pipa, imelowa, ina picha ya nyumba na familia inacheka mbele ya televisheni. Akaisoma kwa sauti. Nikamunyanganya. Mimi shule yangu ni ya katekisimu, lakini herufi ninazijua. F. Halafu i. Halafu b. Niliweka kidole juu ya hiyo b na sikukitoa. Ilikuwa b yenye tumbo lake, haikuwa kitu kingine. Katungu akauliza: "Banaandika nini?" Nikamuambia: "Banaandika kwamba Kamba alijua."

Hakuja kwenye matanga. Mutu wa matanga, aliyeshika simu siku nzima kwa ajili ya Anselme, hakuja.

Mwaka ukapita. Nilisikia kwamba ngazi yake ameiuza iwe kuni, na kwamba amevaa gileti ya machungwa. Kyakimwa alitema mate aliposikia. Sasa kampuni zote mbili zimekumbuka kwamba mulimani kunaishi watu, zinapandisha mbio, kila moja inataka kufika mbele ya nyingine. Na ndivyo alivyorudi.

Nilikuwa ninapepeta maharagi. Nikasikia kwenye mulango: "Odi."

Sauti niliijua. Neno ndilo lilikuwa geni. Niliendelea kupepeta.

"Odi, Mama Kasereka."

"Njo nani?"

"Ni miye."

"Miye njo nani?"

"Kamba."

"Kamba hapigaki odi. Ule tulimuzika siku moja na Kahindo."

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Niliona viatu vyake chini ya mulango, vipya, vya kazi. Akasema: "Nilisikia habari ya Mama Georgette. Nilichelewa kuja kulia."

"Ulichelewa kusema."

Niliingia ndani, nikatoa ile karatasi kwenye kitabu changu cha nyimbo, nikaipitisha chini ya mulango, kama walivyoipitisha wao. "Soma."

"Mama, weye unajua tayari..."

"Soma."

"Fi-bre."

"Herufi ya tatu ni gani?"

"Ni b."

"Siku ile nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama ni fièvre."

"Na kosa ni ya nani?"

Huyu aliyekuwa akitangazia avenue yote kosa la musumari mumoja alisema kitu ambacho kelele za kuku zilikifunika.

"Sikusikia. Na miye masikio yangu bado mazima."

"Kosa ni yangu." Kisha akasema mbio mbio: "Niliogopa, Mama. Mukisha kuingiza ile ya kioo, nani atahitaji ngazi yangu? Nilisema wacha bafunge, mwezi mumoja tu, nitengeneze kamba. Sikujua Beni watazima. Nilipojua, haya ilinikamata. Nitaanzia wapi?"

Hapo hasira yangu, ambayo nilifikiri imelala, ilisimama wima. "Ungetuambia hivyo! Ungesema: bamama, hii ni waya, itakula kazi yangu, muikatae kwa ajili yangu. Tungeikataa macho wazi, na Speciosa angewarushia majivu yale yale! Ao tungeikubali, na wewe tungekupa kiti. Lakini ulituacha na Ebola ndani ya nyumba. Ulipita hapa kila siku, ukaniona ninapima watoto vichwa."

Akasema: "Nimekuja kukuwekea hii mupya. Wewe wa kwanza kwenye avenue. Masika aliniambia anakungoja."

Hiyo ilinipiga. Masika ndiye mutu wa mwisho wa damu yetu, ukiniacha mimi, anayejua kusema kwa ile mikono yetu. Nilishika mulango. Nilitaka, sitadanganya, nilitaka afungue begi yake saa ile ile.

"Mimi wa mwisho," nikasema. "Kuna milango mitatu ingine. Katungu Fébronie. Kyakimwa Speciosa. Mbambu Léocadie. Kwa kila mumoja utapiga odi, utangoja karibu, na utasema kwa kinywa chako: haikuwa fièvre, ilikuwa fibre, nilijua, nikanyamaza. Ukimaliza, rudi."

"Mama Speciosa ataniua."

"Basi utakufa umesema."

Akaenda. Nilimusikia kutoka hapa. Odi kwa Katungu, na Katungu alimuweka muda mrefu, wakalia wote wawili, nafikiri. Odi kwa Kyakimwa Speciosa, halafu maji yakamwagika, na gileti ikapita barabarani ina majani ya sombe mabegani. Lakini alikuwa amesema. Speciosa mwenyewe amekubali kwamba alisema.

Kwa Mbambu hajapata karibu. Mbambu Léocadie yuko Beni kwa binti yake, na hatujui siku ya kurudi. Nilimuambia hiyo. Hata hivyo kila Jumamosi ninamuona anapandisha, ameacha begi ya kazi chini, anasimama mbele ya ule mulango uliofungwa na chuma. Anapiga odi. Anangoja muda ambao mutu wa ndani angehitaji kuvaa viatu. Anapiga tena. Halafu anatelemuka, na kwangu hapiti, juu mimi ni wa mwisho.

Kisanduku changu bado hakina taa, na Masika bado ananingoja. Mimi ninangoja Mbambu. Jina la ule mutu ninalo hapa kwenye ulimi, la nyumbani na la ubatizo. Siku Mbambu Léocadie atamujibu karibu, nitaliandika.